Picha Zenye Kasoro na Historia ya Bujumbura

Aghalabu picha za safari huchambuliwa kama mchele: zilizo safi huwekwa katika albamu, zenye kasoro hutupwa. Iliyofifia, iliyokwenda upande, iliyomkata msafiri kichwa, zote huhesabiwa kuwa pumba. Katika makala haya twapenda kuonyesha, kwa mfano wa mji wa Bujumbura, kwamba ndani ya pumba hizo mna mchele mwingi.

Mji huu ulianza mwishoni mwa karne ya 19 kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani kilichoitwa Usumbura. Wageni wengi waliizuru nchi wakiwa na kamera. Hans Meyer wa Leipzig, aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, alizuru Burundi mwaka 1911, na mwaka 1916 akatoa kitabu chake *Die Barundi*. Baada yake Casimir Zagourski, Mpolandi aliyekuwa na studio Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, alipiga picha katika Kongo na Ruanda-Urundi, akazitoa kama kadi za posta kwa jina la *L'Afrique qui disparaît*, yaani Afrika inayotoweka.

Kadi hizo ni nzuri mno, na uzuri huo ndio ila yake. Mpiga picha stadi huchagua kitakachoonekana na kukiacha nje kisichompendeza. Aliyeitafuta Afrika inayotoweka hakuwa na haja ya baiskeli wala paa la bati. Picha mbovu haina mamlaka hayo. Mkono ukitikisika, huingia kisichokusudiwa: mchuuzi apitaye, kibao cha duka, mtoto anayechungulia. Hata mtu aliyejongea akabaki kama moshi hutuambia kwamba alikuwa na safari yake, wala hakusimama pale kwa ajili ya mgeni.

Tuliwahi kuonyeshwa katika nyumba moja ya Buyenzi, mtaa mkongwe wa Waswahili mjini Bujumbura, picha ya jamaa aliyewasili kutoka Kigoma mwaka 1964. Kichwa kimekatwa penye paji la uso, na ziwa limeinama kama sinia lililoinuliwa upande mmoja. Wenye nyumba waliicheka. Lakini nyuma ya msafiri miti imesimama ndani ya maji. Mwaka huo, baada ya mvua kubwa za miaka iliyotangulia, Ziwa Tanganyika lilikuwa limepanda sana. Mwaka 2024, maji yalipopanda tena yakaingia bandarini na kuwahamisha watu wa Gatumba, wanafunzi wetu waliuliza kama jambo hilo limepata kutokea. Jibu lilikuwa limelala katika picha ya kuchekwa.

Katika nchi yetu jambo hili si la mchezo. Misiba ya 1972 na 1993 iliteketeza nyumba na kutawanya jamaa, na pamoja nao kumbukumbu nyingi. Palipobaki kidogo, hapana cha kutupwa.

Hivyo twawasihi walimu wenzetu wawaombe wanafunzi walete picha zilizokataliwa na albamu, wawaulize wazee majina, mahali na mwaka, kisha wayaandike nyuma yake kwa penseli, kwa Kiswahili sanifu. Siku hizi simu hufuta picha mbovu kwa mguso mmoja wa kidole. Kabla ya kufuta, yafaa tutazame kwanza nyuma ya yule aliyekatwa kichwa.