Kiyoyozi na mtoto mchanga wakati wa joto kali
Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la Dar es Salaam humchosha mtoto mchanga haraka, kwani mwili wake bado haujaweza kujipoza vizuri. Mama, ukiwa na kiyoyozi:

• Kiweke nyuzi 25 hadi 27, ufunge milango na madirisha.
• Upepo usimpige mtoto moja kwa moja.
• Mguse shingoni kwa nyuma. Akiwa na jasho, mpunguzie nguo. Akiwa wa baridi, mwongezee.
• Safisha chujio kila mwezi. Vumbi huzuia hewa.

Umeme ukikatika, fungua madirisha na mfute kwa kitambaa chenye maji ya kawaida. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Kabla ya miezi 6 usimpe maji. Maziwa yako yanamtosha.

Akilegea, akikataa kunyonya, akikojoa kidogo au joto la mwili likifika nyuzi 38, mpeleke kituo cha afya mara moja.