Bati Linapovuja: Nani Alipe Matengenezo ya Nyumba ya Kupanga?



Kila masika, kati ya Machi na Mei, nyumba za kupanga za Majengo, Njoro na Pasua mjini Moshi hujulikana hali zake. Bati lililoliwa na kutu huvuja, plasta huvimba, shimo la choo hujaa. Mpangaji amekwishalipa kodi ya miezi sita. Mwenye nyumba, mara nyingi mstaafu mwenye vyumba vinne au vitano, anasema pesa yote imeishia kwenye ada za shule. Ugomvi huanzia hapo, nasi tumeona tuiweke wazi hukumu yake.

Kupangisha ni ijaarah, yaani kuuza manufaa ya kitu kwa muda maalumu. Mwenye nyumba amepokea pesa kwa ajili ya makazi, si kwa ajili ya kuta. Ndiyo maana Imaam an-Nawawiy (aliyefariki mwaka 676 Hijria), katika Minhaaj atw-Twaalibiyn, kitabu mashuhuri cha madhehebu yetu ya Shaafi'iy, ameyaweka matengenezo juu ya mwenye kupangisha. Asipoharakisha kutengeneza, mpangaji ana khiyari ya kuvunja mkataba, na akivunja atarudishiwa kodi ya miezi iliyobaki. Ametaja hata theluji: iliyo juu ya paa huondolewa na mwenye nyumba, iliyo uani huondolewa na mpangaji. Kwetu theluji imebaki huko juu Kibo, lakini kanuni inatufaa. Paa, kenchi, kuta na bomba lililopita ukutani ni vya mwenye nyumba. Kufagia na kutupa taka ni kazi ya mpangaji, pamoja na kulipia alichokiharibu kwa uzembe wake. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inamtaka mpangishaji ahakikishe chumba kinafaa kuishi binadamu, tangu mwanzo wa mkataba hadi mwisho wake.

Shimo la choo lililojaa katikati ya mkataba wanazuoni wamelitofautiana, basi andikeni mapema nani atalipa gari la kunyonya.

Mpangaji aliyenunua bati bila idhini huhesabiwa amejitolea, hana cha kudai. Aliyepewa idhini anakata kwenye kodi. Kwa hiyo mpigie mwenye nyumba, mtumie picha, upate jibu la maandishi kabla fundi hajapanda juu. Ama lile sharti la mikataba mingi kwamba "matengenezo yote ni juu ya mpangaji", halifai: gharama yake haijulikani, na hiyo ni gharar. Njia salama ni kutaja kodi kamili kwanza, kisha kumruhusu mpangaji atumie sehemu yake kutengeneza, na risiti zitunzwe.

Liko jambo dogo ambalo wengi hulipuuza. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU; wakati huo ilikuwa Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Deni ni la mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ni mpangaji. Mwenye nyumba anayenyamaza bila makubaliano anakula kisicho chake. Airudishe, au aipunguze kwenye kodi ya pango.

Huko mlimani, Kibosho au Machame, mvua ni nyingi zaidi na tatizo lina sura nyingine. Nyumba ya marehemu baba imo kwenye kihamba, na kwa mila mara nyingi hushikwa na mtoto wa kiume wa mwisho. Akiipangisha kabla ya mirathi kugawanywa, kodi hiyo ni ya warithi wote, dada zake wakiwemo, kila mmoja kwa fungu lake. Alichotumia kwa matengenezo ya lazima, kwa ridhaa yao, hutolewa kwanza.

Kuhusu zaka, Baraza la Fiqh la Kiislamu la Jeddah liliamua mwaka 1985 kwamba nyumba ya kupangisha yenyewe haina zaka, asilimia 2.5 hutolewa katika mapato yake yakifika nisabu na kupitiwa na mwaka. Pesa iliyokwishanunua saruji haihesabiwi tena. Iliyowekwa tu benki kwa nia ya kukarabati mwakani bado inahesabiwa.

Wa Allaahu A'lam.