Bahari kwa Watu wa Bara: Mwaka wa Darsa za Historia ya Majini

 

Tulipoanza darsa za historia ya Waislamu na bahari katika misikiti ya Shinyanga, Kahama na Geita, baadhi ya ndugu zetu walituuliza kwa mzaha: sheikh, sisi watu wa mawe na dhahabu, bahari inatuhusu nini? Shinyanga hata mvua ni ya kuhesabu! Hata hivyo tuliendelea mwaka mzima, kila mwezi mara moja baina ya Magharibi na Isha. Tulikwenda kufundisha, tukarudi tumefundishwa.

Tulianza na Sayyidna Umar (R.A.). Mwaka wa 17 Hijria, Al-Alaa bin Al-Hadhramiy, aliyekuwa liwali wa Bahrain, alivusha jeshi baharini kwenda Fursi bila ya idhini. Jeshi likakatiwa njia ya kurejea, ikabidi lipelekewe msaada wa nchi kavu kutoka Basra. Umar alighadhibika, akamuuzulu. Baadaye Muawiya, naye liwali wa Sham, alipoomba ruhusa ya kuvuka, Umar alimtaka Amr bin Al-Aas amweleze bahari ilivyo. Amr alimjibu kwa maana kwamba watu juu yake ni mfano wa vidudu juu ya gogo. Umar akakataa.

Wapo wanaoisoma habari hii kama woga wa watu wa jangwani. Sisi hatuoni hivyo. Umar alikwishaona jeshi likipotelea ng'ambo, na alijua kwamba ataulizwa juu ya kila roho aliyoipakia. Na dalili ni kwamba Sayyidna Uthman (R.A.) alipotoa ruhusa, aliitoa kwa masharti: Muawiya asiwachague watu wala asiwapigie kura, bali apande anayetaka kwa hiari yake, na yeye mwenyewe ampakie mkewe. Liwali ampakie mkewe! Tulipofika hapo, msikiti mzima wa Kahama ulicheka, kisha ukanyamaza.

Ndivyo ilivyotoka safari ya Kupro mwaka wa 28 Hijria (649). Ndani yake alikuwemo Ummu Haram bint Milhan (R.A.), mke wa Ubada bin As-Samit, ambaye Mtume (S.A.W.) alimbashiria kuwa miongoni mwa watakaopanda bahari. Aliivuka bahari salama, akaanguka kutoka juu ya mnyama wake nchi kavu, akafariki. Kaburi lake linazuriwa mpaka leo karibu na mji wa Larnaca. Mwaka wa 34, kwa kauli ya wengi, vikafuata vita vya Dhatus-Sawari, ambapo merikebu zilifungwa pamoja watu wakapigana kama walio juu ya ardhi, na Kaisari wa Rumi akakimbia.

Za pwani yetu tulizipitia upesi, maana zinajulikana. Ngome ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilizingirwa na Waomani tangu Machi 1696 ikaanguka Desemba 1698, zama za Imam Seif bin Sultan. Vijana walipiga takbira. Ila mvuvi mmoja wa Nkome, aliyekuja Geita kuuza dagaa, alinyanyuka akasema: "Sheikh wangu, umetupeleka Kupro na Mombasa. Ziwa letu hili halina historia?"

Hatukuwa na jibu usiku ule. Tulimwomba muda, tukarudi vitabuni.

Na kumbe lina historia nzito. Mwaka 1875, Stanley alipokuwa kwa Kabaka Mutesa, ambaye alikuwa akifunga Ramadhani tangu 1867, aliukuta msafara wa mitumbwi ya vita zaidi ya 300 ikiandaliwa dhidi ya Wavuma. Mitumbwi ile ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi, kama mtepe wa pwani ulivyoshonwa kwa kamba za nazi. Hatudai kwamba wa huku walijifunza kwa wa kule. Mwenye akili na haja hubuni. Kusini ya ziwa, upande wa Kagehyi na Ukerewe, alikuwako mfanyabiashara wa pwani aitwaye Songoro, akiunda majahazi na kuvusha pembe. Akivusha na watumwa pia, na hili tulilisema wazi juu ya mimbari, ingawa baadhi ya wazee walitaka tulifunike. Aliuawa Ukerewe Desemba 1877 pamoja na wamisionari wawili wa Kiingereza, Smith na O'Neill, katika ugomvi na mfalme Lukonge. Kisha zikaja meli za moshi na mizinga: Juni 1915 Waingereza walitoka Kisumu wakaishambulia Bukoba, na Julai 1916 wakaitwaa Mwanza kutoka kwa Wajerumani.

Tukadhani tumemlipa mvuvi deni lake. Lakini kila tulipofika, maswali hayakuwa juu ya mizinga. Yalikuwa juu ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Walioorodheshwa daraja la kwanza na la pili peke yao walikuwa 443, na la tatu halikuwa na orodha. Mamia ya watu walikufa, na wengi wamelala Igoma. Na MV Nyerere karibu na Ukara, tarehe 20 Septemba 2018: uwezo wa watu 101, waliokufa 228. Sisi wenyewe tulivuka Kigongo na Busisi kwa kivuko kwa miaka mingi kabla ya daraja kufunguliwa Juni 2025, na hatukumbuki kuwahi kujihesabu.

Hapo tulifungua Minhaj ya Imam An-Nawawi (aliyefariki 676 Hijria), maana ndicho kitabu cha madrasa zetu. Chombo kikikaribia kuzama, yafaa kutupa shehena majini, na huwa wajibu ikitarajiwa kuwaokoa abiria. Atakayetupa mali ya mwingine bila ya idhini atailipa. Na katika mlango wa Hija, bahari hupandwa pale tu usalama unapokuwa ndio ghalibu. Basi nahodha anayepakia kupita kiasi akijua, na mwenye chombo anayemwamuru, hawawezi kusema ni kadari wakanyamaza.

Darsa ya mwisho ilikuwa Geita. Tulitaja Hadithi ya Abu Huraira (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inayowahesabu miongoni mwa mashahidi aliyekufa maji na aliyeangukiwa na kifusi. Kutoka upande wa kina mama kikaletwa kikaratasi. Aliyekiandika alisema mwanawe alifukiwa ndani ya duara la dhahabu na hakutolewa. Akaambiwa haswaliwi, kwa sababu hakuoshwa. Je, huyo aliyezama ziwa asionekane naye haswaliwi?

Aliyemjibu hivyo hakuzua. Maneno hayo yamo katika Minhaj ile ile tuliyokuwa tukiisifu: aliyekufa kwa kuporomokewa na mfano wake, ikashindikana kumtoa na kumwosha, haswaliwi. Lakini Al-Khatib Ash-Shirbini, alipoisherehesha, alinukuu kutoka kwa wanavyuoni waliokuja nyuma kwamba hapana sababu ya kuiacha swala, kwani lililowezekana haliporomoki kwa lililoshindikana. Na Mahanbali wanamswalia. Sisi tulichukua kauli hii ya pili, na tukasema hivyo mbele ya watu.

Baada ya Isha tulipanga safu, tukamswalia kijana yule pamoja na waliopotea ziwani. Imamu mmoja tunayemheshimu hakusimama nasi, na anayo hoja yake. Tumemwomba aiandike kwa ajili ya jarida hili, naye amekubali.