Maksai wa Bariadi

Aandikaye tarikh ya pamba katika nchi ya Bariadi, Maswa na Meatu, ambayo tangu mwaka 2012 imo ndani ya Mkoa wa Simiyu, aghalabu huanza na bei, vyama vya ushirika na jina la Paul Bomani, kiongozi wa vyama hivyo, wala mimi siikatai njia hiyo. Lakini naona ni insafu kumtaja na maksai, kwani lau fahali wasingalihasiwa, plau zilizoenea Usukumani katika miaka ya 1950 zisingalipata wa kuzivuta.

Korodani za fahali zimepewa kazi mbili. Ya kwanza ni kuumba mbegu, nayo haitimii vyema katika joto la kiwiliwili, ndiyo sababu zikaning'inizwa nje, mfukoni mwake, penye ubaridi wa digrii kadhaa zaidi. Ya pili ni kutia damuni testosteroni, ambayo humjaza fahali shingo, humpandisha nundu na kumtia uchu wa kupigana. Ikikatika, ukali hupoa ilhali nguvu za kuvuta husalia, na mifupa ya miguu, kwa kukosa amri ya kukoma mapema, huzidi kurefuka, hata maksai aliyehasiwa mdogo akampita kimo nduguye aliyeachwa.

Wafugaji wa Afrika Mashariki waliyajua matokeo hayo tangu kale, wakiiponda mishipa ya korodani kwa mawe au vijiti. Ulaya, Arnold Berthold wa Göttingen aliwahasi majogoo mwaka 1849, kisha akawarudishia korodani ndani ya matumbo yao, nao wakawika na vilemba vyao vikawa vyekundu kama kawaida; na mwaka 1935 Ernst Laqueur na wenzake, huko Amsterdam, walipata miligramu 10 tu za testosteroni kutoka katika kilo 100 za korodani za mafahali. Taamali basi ukali wa dutu ambayo chembe zake chache hivyo zamtosha fahali kuvunja zizi!

Koleo la Burdizzo, lililobuniwa na tabibu wa mifugo wa Kiitaliano, liliipunguza adha, kwa kuwa huuponda mshipa bila kuipasua ngozi, hata pasiwe na kidonda cha kuwaalika nzi. Kila mshipa hubanwa peke yake, na alama mbili zisikutane katika mstari mmoja, ili ngozi isikose damu. Korodani zenyewe, zikikatiwa riziki, hunyauka. Mbegu zilizokwisha kupita hapo hubaki hai kwa majuma kadhaa, na mwenye busara humtenga dume huyo na mitamba.

Kuhusu umri wa kuhasi, hapana ijmai. Matabibu hupendelea ndama, maana uchungu wake ni mdogo na hupona upesi. Mwenye plau hutaka kungoja shingo na mabega yajae kwanza, na kwa kuwa nira hukaa mbele ya nundu, siwezi kumwita mjinga.