Dawa ya 1962 iliyochelewa kufika kwenye goti

Mwaka 1962, huko Tokyo, Utako Okamoto na mumewe Shosuke walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza uvujaji wa damu. Novemba mwaka huohuo, katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, daktari John Charnley alianza kuwawekea wagonjwa nyonga bandia ya chuma na plastiki ngumu. Nyonga yake ikaenea duniani. Dawa ya akina Okamoto ilichukua zaidi ya miaka thelathini kufika kwenye meza hiyohiyo ya upasuaji, na muda wote huo wagonjwa waliendelea kuongezewa damu ya watu wengine.

Utako Okamoto hakuwa mtu wa kupuuzwa, lakini alipuuzwa. Japani ilikuwa imetoka vitani, na maabara hazikuwa na kitu. Waliamua kuchunguza damu kwa sababu ikipungua wangejitoa yao wenyewe. Alifanya kazi akiwa amembeba binti yake mgongoni. Aliposimama kuwasilisha utafiti mbele ya wanasayansi wanaume, walimkejeli wakimuuliza kama angewachezea ngoma. Alitaka kuwaokoa wazazi wanaotokwa na damu baada ya kujifungua, ila hakupata madaktari wa uzazi wa kuijaribu dawa hiyo. Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 98. Mwaka uliofuata yalitoka majibu ya jaribio lililohusisha wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo: kwa waliopewa dawa ndani ya saa tatu baada ya kujifungua, vifo vya kutokwa na damu vilipungua kwa karibu theluthi moja.

Dawa hii haigandishi damu. Kidonda kikishaziba kwa damu iliyoganda, mwili huanza kuiyeyusha ile damu, na hapo ndipo dawa inapozuia. Katika upasuaji wa goti, paja mara nyingi hufungwa mkanda wa kubana. Mkanda ukilegezwa, uyeyushaji hupanda ghafla na damu huchuruzika ndani ya kiungo kipya kwa saa kadhaa. Ndiyo maana mwaka 1996, huko Malmö nchini Sweden, madaktari Benoni na Fredin waliwachoma wagonjwa sindano ya dawa hii kabla tu ya kulegeza mkanda. Katika wagonjwa 86, waliopata dawa walipoteza karibu nusu ya damu waliyopoteza wenzao.

Madaktari wengi bado walisita. Waliogopa damu kuganda kwenye mishipa ya mguu na kukimbilia mapafuni, na hofu hiyo ilikuwa na msingi, maana upasuaji wenyewe huleta hatari hiyo. Mwaka 2014 zilichapishwa takwimu za wagonjwa 872,416 wa nyonga na magoti kutoka hospitali 510 za Marekani. Matatizo ya kuganda damu hayakuongezeka. Walioongezewa damu walikuwa asilimia 7.7 kati ya waliopewa dawa, na asilimia 20.1 kati ya wasiopewa.