Kilio cha Umma Si Kigeni Kwetu
Mwigizaji wa filamu wa Tanzania, Steven Kanumba, alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28, maelfu ya watu walifurika viwanja vya Leaders, Kinondoni, Dar es Salaam, kumuaga, na baadhi yao walizimia. Ni rahisi kudai kwamba vilio vya namna hiyo vimeletwa na televisheni na simu. Historia inakanusha dai hilo. Mwanamuziki Franco Luambo alipofia Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, kabla simu za mkononi hazijaenea, nchi yake ya Zaire (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) ilitangaza siku nne za maombolezo ya kitaifa, na redio ikapiga nyimbo zake mfululizo. Vyombo vya kupashana habari vimebadilika. Desturi ya kukusanyika ilikuwapo tayari. Katika jamii zetu msiba haujawahi kuwa wa familia peke yake: majirani huja, hukaa matangani, huchanga, husindikiza jeneza. Msanii aliyeingia kila sebule kwa sauti au sura yake amekwisha kuwa jirani wa wengi.

Mpinzani atasema kwamba jirani humjua marehemu, ilhali shabiki humlilia mtu asiyewahi hata kusalimiana naye. Hoja hiyo ina uzito, lakini hata matangani wengi huenda kwa ajili ya waliobaki. Kinachostahili lawama si kilio, bali ni kusambaza picha za maiti na uvumi kuhusu kifo, maana hapo ndipo adabu ya msiba huvunjwa. Tuwalilie wasanii wetu, lakini tuwasitiri wafiwa.