Barua Pepe Inapokataa Kutoka Kwenye Kompyuta: Chanzo na Hatua za Kuchukua

Barua pepe sasa ni njia ya kawaida ya kuwasilisha maombi ya kazi, nyaraka za vikundi, malalamiko na taarifa kwa taasisi za umma na binafsi. Kwa mwananchi wa Msanzi wilayani Kalambo, au wa kijiji chochote cha Uwanda wa Ufipa, njia hiyo humpunguzia nauli na muda wa kupeleka bahasha mjini Sumbawanga au mbali zaidi. Manufaa hayo hupotea iwapo barua itabaki ndani ya kompyuta huku mwenyewe akiamini kwamba imeshafika.

Hali hiyo si ya nadra. Mtumiaji huandika ujumbe, huambatisha vyeti, hubonyeza kitufe cha kutuma na kuzima kompyuta. Siku chache baadaye hubaini kwamba ujumbe haukutoka na muda wa maombi umekwisha. Makala haya yanaeleza kwa nini barua pepe hugoma kutoka kwenye kompyuta ya mezani, namna ya kutambua iliposimama na hatua za kuchukua kabla muda haujapita.

Safari ya barua pepe

Barua pepe haiendi moja kwa moja kutoka kompyuta ya mtumaji hadi ya mpokeaji. Programu iliyo kwenye kompyuta, kama vile Outlook au Thunderbird, huikabidhi kwanza kwa seva ya kutuma ya mtoa huduma. Seva hiyo hutafuta seva ya taasisi inayoandikiwa na kuikabidhi barua huko, nayo huiweka kwenye kasha la mpokeaji. Utaratibu huo unafanana na wa posta: mwandishi hupeleka bahasha kwenye ofisi ya jirani, na ofisi hiyo huisafirisha hadi ofisi iliyo karibu na mpokeaji.

Kanuni zinazoongoza makabidhiano hayo hujulikana kwa kifupi kama SMTP. Ziliandikwa na mtaalamu wa Marekani, Jonathan Postel, na kuchapishwa Agosti 1982. Kanuni za kupokea barua ni nyingine kabisa, na mara nyingi hata seva yake ni nyingine. Hii ndiyo sababu mtumiaji anaweza kupokea barua bila tatizo lolote lakini ashindwe kutuma hata moja. Kupokea vizuri hakuthibitishi kwamba upande wa kutuma nao ni mzima.

Kwanza, kujua barua iliposimama

Kabla ya kubadilisha mpangilio wowote, mtumiaji anapaswa kufungua makasha mawili katika programu yake. La kwanza ni la ujumbe unaosubiri kutoka, ambalo kwenye kompyuta nyingi huandikwa "Outbox". La pili ni la ujumbe uliokwisha kutumwa, linaloandikwa "Sent".

Barua ikiwa bado kwenye kasha la kusubiri, haijaondoka kwenye kompyuta. Tatizo liko kwenye mtandao, kwenye programu au kwenye makabidhiano na seva ya kutuma. Ikiwa imo kwenye kasha la zilizotumwa lakini mpokeaji hajaiona, tatizo liko mbele zaidi, na mara nyingi seva hurudisha taarifa ya maandishi inayoeleza sababu.

Jaribio la pili ni kuingia kwenye akaunti hiyo hiyo kupitia kivinjari na kutuma ujumbe mfupi kwenda anwani nyingine ya mtumaji mwenyewe. Ukitoka na kufika, akaunti ni nzima na hitilafu iko kwenye programu ya kompyuta. Ukikataa, tatizo ni la mtandao au la akaunti yenyewe. Jaribio hili huchukua dakika chache na humwepusha mtumiaji na kuhangaikia mahali pasipo na tatizo.

Mtandao na umeme

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika Sumbawanga kupitia njia inayotoka Tunduma kuelekea Mpanda na Kigoma. Hata hivyo, wananchi wengi wa vijijini hutegemea intaneti ya simu inayounganishwa na kompyuta kwa modemu au kwa simu yenyewe. Mawimbi yakiwa dhaifu, ujumbe mfupi huweza kupita ilhali ule wenye viambatisho vizito hukatika njiani na kurudia upya kila mara. Hatua ya kwanza ni kufungua tovuti moja au mbili ili kuhakiki kwamba mtandao upo, kisha kuangalia iwapo bando halijaisha.

Programu nazo huweza kuwekwa katika hali ya kufanya kazi bila mtandao, wakati mwingine kwa kubonyeza kimakosa. Katika Outlook hali hiyo huandikwa "Work Offline". Ikiwa imewashwa, barua zote hubaki kwenye kasha la kusubiri hata kama intaneti ni nzuri. Kuizima kunatosha kuziruhusu ziondoke.

Kukatika kwa umeme nako huleta tatizo ambalo wengi hawalihusishi na barua pepe. Kompyuta ya mezani hutunza tarehe na saa kwa betri ndogo ya mviringo iliyo ndani yake, ambayo mara nyingi ni ya aina ya CR2032. Betri hiyo ikichakaa, kila umeme unapokatika kompyuta husahau tarehe na kurudi miaka mingi nyuma. Seva ya kutuma hujitambulisha kwa cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba bado ni mwaka 2010 hukiona cheti cha leo kuwa si halali na kukataa kukabidhi barua. Dawa yake ni kurekebisha tarehe, saa na majira ya Afrika Mashariki, kisha kumwomba fundi abadilishe betri.

Mpangilio wa seva ya kutuma

Ikiwa mtandao na tarehe viko sawa, kinachofuata ni kukagua mpangilio wa akaunti ndani ya programu. Mambo manne huangaliwa: jina la seva ya kutuma, namba ya poti, aina ya usimbaji, na iwapo seva hiyo imewekewa jina la mtumiaji na nywila.

Poti ni mlango ambao kompyuta hupitia kuifikia seva. Mlango wa zamani ni namba 25, lakini watoa huduma wengi wa intaneti huufunga kwa wateja wa kawaida ili kuzuia barua taka. Kompyuta iliyopangwa miaka mingi iliyopita kutumia poti 25 inaweza kugoma ghafla baada ya kubadili mtandao, ingawa hakuna aliyeigusa. Poti zinazotumika sasa kwa mtumiaji wa kawaida ni 587, yenye usimbaji wa STARTTLS, na 465, yenye usimbaji wa SSL/TLS tangu mwanzo. Kuchanganya poti moja na usimbaji wa nyingine huzuia barua, hata kama namba yenyewe ni sahihi.

Kosa jingine la kawaida ni kuacha wazi sehemu inayoitaka seva ya kutuma imtambue mtumiaji. Seva za sasa hazipokei barua kwa mtu zisiyemjua. Kwa mtumishi wa umma anayetumia anwani inayoishia na .go.tz, mpangilio sahihi hutolewa na Afisa TEHAMA wa taasisi yake. Si vyema kubahatisha.

Nywila iliyokuwa ikifanya kazi zamani

Baadhi ya watumiaji hukuta nywila ile ile inakubaliwa kwenye kivinjari lakini inakataliwa na programu ya kompyuta. Hilo linatokana na mabadiliko ya usalama ya watoa huduma wakubwa. Google, kwa mfano, ilianza kuondoa Mei 30, 2022 uwezo wa programu kuingia kwenye akaunti binafsi za Gmail kwa jina na nywila ya kawaida peke yake.

Mtumiaji ana njia mbili. Ya kwanza ni kusasisha programu yake na kuiunganisha upya na akaunti kupitia ukurasa wa kuingia wa mtoa huduma mwenyewe. Ya pili, kwa programu za zamani, ni kuwasha uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti, kisha kutengeneza nywila maalumu ya programu yenye herufi 16 na kuiweka kwenye kompyuta badala ya ile ya kawaida. Aliyebadilisha nywila ya akaunti hivi karibuni akumbuke pia kuibadilisha ndani ya programu, kwa upande wa kupokea na wa kutuma.

Viambatisho vizito na kasha lililojaa

Gmail huruhusu viambatisho visivyozidi megabaiti 25 kwa ujumla, na taasisi nyingine huweka kiwango cha chini zaidi. Ikumbukwe kwamba faili linapoambatishwa hubadilishwa umbo ili lisafiri kama maandishi, na uzito wake huongezeka kwa takriban theluthi moja. Faili la megabaiti 20 hufikia karibu megabaiti 27 likiwa njiani. Ndiyo maana barua inayoonekana kuwa chini ya kiwango huweza kukataliwa.

Vyeti vilivyopigwa picha kwa simu ndivyo huwa vizito zaidi. Inashauriwa kuviskani kwa nukta 150 hadi 200 kwa inchi, katika rangi ya kijivu pale rangi isipohitajika, na kuviunganisha katika faili moja la PDF. Ujumbe mzito ulionasa kwenye kasha la kusubiri huweza kuzuia hata barua nyepesi zilizo nyuma yake. Katika hali hiyo, mtumiaji aweke programu katika hali ya bila mtandao, auhamishe ujumbe huo kwenye kasha la rasimu, apunguze kiambatisho, kisha arudishe mtandao na kutuma tena.

Nafasi ya kuhifadhi nayo iangaliwe. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15 zinazotumiwa kwa pamoja na barua, picha na mafaili. Ikijaa, akaunti huacha kutuma na kupokea barua hadi nafasi ipatikane.

Kusoma taarifa ya kukataliwa

Watumiaji wengi hufunga taarifa ya hitilafu bila kuisoma, ilhali ndani yake kuna namba yenye tarakimu tatu inayoeleza sababu. Namba inayoanza na 4 inaonesha tatizo la muda, na seva ya kutuma hujaribu tena yenyewe, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Namba inayoanza na 5 ni kukataliwa kabisa: kurudia kutuma bila kurekebisha kitu hakusaidii.

Namba 535 humaanisha jina au nywila imekataliwa. Namba 552 mara nyingi huhusu ujumbe mkubwa mno au kasha la mpokeaji lililojaa. Namba 550 kwa kawaida huonesha kwamba anwani haipo au seva imekataa kuihudumia. Hapo ikaguliwe herufi kwa herufi, kwa kuwa kuandika .co.tz badala ya .go.tz, au kuweka mkato badala ya nukta, kunatosha kuipoteza barua.

Kabla ya muda kwisha

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kwamba, pasipo makubaliano mengine, ujumbe wa kielektroniki huhesabiwa kuwa umetumwa pale unapoingia kwenye mfumo ulio nje ya udhibiti wa mtumaji. Barua iliyobaki kwenye kasha la kusubiri haijafikia hatua hiyo. Saa ambayo mtumaji alibonyeza kitufe haimlindi ikiwa barua ilikuwa bado ndani ya kompyuta yake.

Kwa sababu hiyo, mwenye maombi asisubiri saa ya mwisho. Atume mapema, asizime kompyuta hadi aone barua imehamia kwenye kasha la zilizotumwa, na aombe uthibitisho wa kupokelewa pale inapowezekana. Programu ikiendelea kugoma, atumie kivinjari au simu kutuma barua hiyo hiyo, kisha ashughulikie kompyuta baadaye. Aidha, asome tangazo kwa makini: baadhi ya maombi hupokelewa kupitia mifumo maalumu pekee, na barua pepe iliyofika salama haiwezi kuchukua nafasi ya mfumo uliotajwa.

Usalama wakati wa kutafuta msaada

Anayesaidiwa kwenye duka la huduma za intaneti au na fundi aandike nywila yake mwenyewe bila kumtajia mtu. Akimaliza, atoke kwenye akaunti na ahakikishe kivinjari hakijahifadhi nywila. Kuzima kinga dhidi ya virusi ili barua ipite si suluhisho la kudumu. Ikibidi kufanya jaribio hilo, lifanyike kwa dakika chache na kinga irudishwe mara moja. Ujumbe unaodai kwamba akaunti itafungwa na kumtaka mwenyewe atume nywila upuuzwe, kwa kuwa mtoa huduma halali haombi nywila kwa barua pepe.

Watumishi wa umma wanakumbushwa kutumia Mfumo wa Barua Pepe Serikalini kwa mawasiliano ya kazi na kuripoti hitilafu kwa Afisa TEHAMA wa taasisi husika. Wananchi nao wanahimizwa kulitazama kasha la kusubiri kila baada ya kutuma barua muhimu, ili fursa waliyoihangaikia isipotee kwa barua ambayo haikuwahi kuondoka mezani.